Umepewa mradi uutathmini: upige kura ya bahati nasibu, upime kabla na baada, au ukae na watu uwasikilize?

Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi anayopewa mtathmini, mara nyingi huanza na jina la mbinu. Zitadai "tathmini ya kisayansi yenye kundi la ulinganisho", halafu ukifika ukurasa wa tatu unakuta mradi ulifungwa miezi kadhaa iliyopita, wanufaika waliteuliwa na mwenyekiti wa kijiji, na fedha ya kazi ya uwandani inatosha wiki moja. Mbinu imeshachaguliwa, na aliyeichagua hajaiona hata orodha ya wanufaika.

Orodha hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ninayoiomba. Siangalii majina, naangalia yaliingiaje humo. Kwa kura? Kwa alama za mtihani? Kwa pendekezo la mtendaji? Watu walijiandikisha wenyewe? Au ni nchi nzima kwa mkupuo? Kila tathmini ya matokeo inatafuta kitu kisichoonekana, yaani hali ya watu hawahawa kama mradi usingekuwepo. Hatuwezi kumwona mtu mmoja akiwa ndani ya mradi na nje yake kwa wakati uleule, hivyo tunatafuta wengine wa kusimama mahali pake. Mbinu zote nitakazozilinganisha hapa zinatofautiana katika jambo hilo: hao wengine wanapatikana wapi, na wanafanana kiasi gani na walengwa. Namna majina yalivyoingia kwenye orodha ndiyo inayokuambia mbinu ipi bado ipo mezani na ipi imeshaondoka.

Swali moja, majibu mawili

Kisa ninachokitumia kila ninapofundisha kinatoka magharibi mwa Kenya. Wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walitaka kujua kama bangokitita, zile chati kubwa ambazo mwalimu anazifunua ukurasa baada ya ukurasa mbele ya darasa, zinawasaidia wanafunzi kufaulu. Kwanza walifanya kama wengi wetu tunavyofanya. Walichukua takwimu za shule jinsi zilivyo, wakalinganisha zenye chati na zisizo nazo, wakaondoa tofauti nyingine walizoweza kuzipima. Jibu lilipendeza: shule zenye chati zilikuwa na alama za juu, tena kwa kiwango cha kumshawishi mfadhili yeyote.

Kisha wakachukua shule 178, nusu zikapewa chati kwa bahati nasibu na nusu zikabaki kama zilivyo. Alama za pande mbili hazikutofautiana.

Shule inayojinunulia chati si shule ya kawaida. Huenda ina mwalimu mkuu mfuatiliaji, ina wazazi wanaochanga bila kusukumwa, au ina mtu mjini anayeikumbuka. Hayo yote yanapandisha alama, na chati inaonekana tu kwa sababu ndiyo inayohesabika. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2004, na bado naletewa ripoti zinazosema shule zenye maktaba zinafaulu zaidi, kwa hiyo tujenge maktaba.

Kura

Kwa swali la "je, kitu hiki kimeleta mabadiliko?", kura inazishinda nyingine zote, na sioni haya kusema hivyo. Ukigawa kwa bahati nasibu, na idadi ikiwa kubwa, walio ndani na walio nje hawana sababu ya kutofautiana zaidi ya bahati, na hesabu inayofuata hata diwani anaielewa. Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019 walipewa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Kremer huyohuyo kwa kazi za aina hii, na nyingi za kazi za mwanzo za Kremer zilifanyika Busia, magharibi mwa Kenya, na jirani zake.

Ugumu wa kwanza ni kuamua unapiga kura kati ya nini na nini. Mradi wa dawa za minyoo wa Busia ulikuwa na shule 75 katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupata dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Kilichopangwa kwa zamu ni shule nzima, si mtoto mmoja mmoja, na hapo ndipo penye akili. Mtoto akinywa dawa anaacha kusambaza mayai ya minyoo, na jirani yake ambaye hakunywa naye ananufaika. Ukilinganisha watoto wa darasa moja, walionywa na wasionywa, unalinganisha mnufaika na mnufaika, kisha unaandika kwamba dawa haina faida. Edward Miguel na Kremer, wakilinganisha shule na shule, walikuta utoro umepungua kwa karibu robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2015 watafiti wengine waliipitia data ileile, wakakuta makosa ya ukokotoaji, hasa kwenye faida iliyodaiwa kufika shule za mbali, na mabishano yakawaka. Mimi jambo hilo linaniongezea imani: makosa yalionekana kwa sababu wenye utafiti walitoa data yao wengine waikague. Ripoti ngapi za miradi yetu zinaweza kukaguliwa hivyo?

Ugumu wa pili ni ukubwa. Shule nne ni nne, hata zikiwa na wanafunzi elfu mbili, kwa sababu watoto wa shule moja wana mwalimu mkuu mmoja, barabara moja mbovu na njaa moja ya mwezi wa pili. Ukizigawa mbili kwa mbili, mwalimu mmoja mahiri akihamishwa katikati ya mwaka tathmini yako imekwisha. Tazama KiuFunza ya Tanzania, jaribio la ruzuku za shule na motisha za walimu lililoendeshwa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014: shule 350 katika wilaya 10. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine 70 walimu wake waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu somo, iwe Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Nyingine 70 zikapata vyote viwili, na 140 hazikupata chochote. Ruzuku peke yake haikuongeza ujifunzaji, na wazazi walipoona shule imepata fedha walipunguza walichokuwa wakitumia wenyewe. Motisha peke yake ilitoa matokeo ya kubishaniwa. Viwili kwa pamoja vilipandisha alama waziwazi, kupita jumla ya kimoja kimoja. Huwezi kuliona hilo kwa shule kumi. Na kama mradi ungekuwa wa ruzuku tu, tungetangaza kwamba fedha hazisaidii shule, tukawa tumesema nusu ya ukweli.

Ugumu wa tatu ndio unaonisumbua zaidi: kura inakuambia kilichotokea pale, kwa mikono ile. Majaribio ya awali magharibi mwa Kenya yalionyesha kwamba kuongeza walimu wa mkataba kunainua alama. Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu na wenzao wakalirudia jambo hilo katika mikoa yote ya Kenya kwa shule 192, ila safari hii baadhi ya walimu wa mkataba walisimamiwa na shirika la World Vision na wengine na serikali yenyewe. Mwalimu ni wa aina ileile na mkataba ni uleule. Chini ya shirika alama zilipanda. Chini ya serikali matokeo yalikuwa sifuri. Ukisikia mtu anasema "imethibitishwa kwamba inafanya kazi", muulize nani alikuwa akiifanya.

Halafu kuna suala la haki, linaloulizwa kwenye kila mkutano wa kijiji: kwa nini wao wapate sisi tukose? Kama fedha zinatosha nusu ya vijiji, kura ya hadharani ina haki kuliko kalamu ya mtendaji, na watu wanalikubali hilo wakielezwa mapema. Kupanga zamu kama Busia ni bora zaidi, kwa kuwa anayesubiri naye atapata. Ila kuna vitu havipaswi kuchezewa kura. Mwaka 2020 utafiti wa Kayole-Soweto, Nairobi, ulizua hasira mtandaoni kwa sababu wenye nyumba waliokuwa na deni la maji walikatiwa huduma kwa bahati nasibu, na waliobaki na ndoo tupu walikuwa wapangaji. Kumchelewesha mtu kupata kipya na kumnyang'anya alichonacho ni mambo mawili tofauti.

Kabla na baada

Njia hii ndiyo inayotumika kuliko zote na ndiyo dhaifu kuliko zote, lakini kuna wakati inatosha. Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Hakuna kingine kilichotokea mwezi ule ambacho kingeweza kuleta watoto zaidi ya milioni moja shuleni, hivyo huhitaji kundi la ulinganisho ili uamini. Badiliko likiwa kubwa, la ghafla na lenye sababu moja inayoonekana, pima kabla na pima baada, umalize.

Jaribu kutumia hesabu hiyohiyo kwa alama za mitihani, utapotea. Watoto waliofurika madarasani ni wale ambao hawakuwahi kushika kitabu. Wastani ukishuka, huenda hakuna mtoto hata mmoja aliyerudi nyuma. Kilichobadilika ni nani anayehesabiwa tu. Swali hilihili lilirudi Tanzania elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, na bado nasikia watu wenye shahada zao wakilinganisha wastani wa miaka miwili hiyo kana kwamba ni darasa moja.

Kwa miradi ya kawaida tatizo ni la kila siku zaidi. Mtoto wa darasa la pili aliyepimwa Februari na akapimwa tena Novemba atakuwa amepiga hatua hata kama mradi wako ulilala usingizi. Kaya huingizwa kwenye mradi wa msaada zikiwa zimeshika pabaya kuliko kawaida yao, na mwaka unaofuata nyingi zingejikwamua kidogo zenyewe. Mvua ikinyesha vizuri, mradi wa mbuzi unafaulu. Isiponyesha, mradi uleule unafeli.

Dawa yake ni kutafuta kundi la pili na kupima mwendo wa makundi yote mawili: walengwa wamesogea kiasi gani, wasiolengwa wamesogea kiasi gani, na tofauti ya mwendo huo ndiyo unayoihesabia mradi. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walifanya hivyo kwa elimu bila karo ya Kenya. Wilaya ambazo kabla ya 2003 watoto wengi hawakuwa wakimaliza shule zilitarajiwa kuguswa zaidi na sera kuliko zile ambazo karibu wote walikuwa tayari wanamaliza, kwa hiyo walilinganisha mwendo wa wilaya hizo. Walikuta watoto zaidi wakimaliza darasa la nane, na pia wazazi wengi wakihamia shule za binafsi, jambo ambalo takwimu za wizara peke yake zisingelieleza. Sharti lake ni moja: kabla ya mradi makundi yawe yalikuwa yakienda mwendo unaofanana. Bila takwimu za miaka ya nyuma, sharti hilo unalidai tu.

Pakiwa na mstari wa alama

Mbinu hii haijulikani sana kwetu na inashangaza, maana tunapenda mno kukata mstari. Watafiti haohao wawili waliangalia shule za kitaifa za Kenya, zile ambazo mzazi akisikia mwanawe kachaguliwa hufanya sherehe. Uteuzi ulifuata alama za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Aliyepita mstari kwa alama moja na aliyeukosa kwa alama moja ni mtoto yuleyule kwa kila kitu, isipokuwa mmoja kaenda shule ya kitaifa na mwingine kaenda kwingine. Miaka minne baadaye walilinganisha alama zao za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na hawakuona ushahidi wa maana kwamba shule ya kitaifa iliwaongezea kitu. Sifa nyingi za shule hizo huingia nazo getini siku ya kwanza, ndani ya vichwa vya wanafunzi.

Jibu hilo linawahusu walio karibu na mstari tu, halimsemei mtoto aliyeongoza mkoa. Lakini kama mradi wako ni wa ufadhili wa masomo, au kaya zinapangwa kwa alama za umaskini, mbinu hii haikudai kumnyima mtu yeyote chochote. Inachodai ni kwamba mstari uheshimiwe. Ukisikia kuna majina yaliyopenyezwa chini ya mstari kwa simu kutoka juu, achana nayo.

Kukaa na watu

Wapo wanaodhani majadiliano ya vikundi na mahojiano marefu ni tathmini ya asiye na fedha. Nawapinga, ila na mimi siyatumii kujibu kama mradi umeleta mabadiliko. Nayatumia kujua kwa nini, na kujua kama namba yangu ina maana ninayoidhania.

TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, ilipojaribu uhawilishaji fedha wenye masharti, yaani kuzipa kaya maskini fedha zikitimiza mambo fulani, katika Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, vijiji 80 viligawanywa kwa bahati nasibu, 40 vikaanza na 40 vikawa vya kulinganishia. Moja ya masharti lilikuwa kwenda kliniki. Mwanzoni mahudhurio yalipanda, kama ilivyotarajiwa. Miaka miwili na nusu baadaye walengwa walikuwa wakienda kliniki mara chache kuliko wenzao. Anayesoma jedwali peke yake angeandika "mradi umeshindwa kudumu". Vipimo vingine vilionyesha kaya hizo zinaugua mara chache kuliko wenzao, zimejiunga na bima ya afya ya jamii kwa wingi, na watoto wao wana viatu. Namba moja ya mahudhurio inaweza kuwa habari mbaya au njema, na haikwambii yenyewe ni ipi. Lazima mtu akae barazani na akina mama aulize safari za zahanati zimepungua kwa sababu gani.

Mbinu ya simulizi za mabadiliko, aliyoianzisha Rick Davies akiwa Bangladesh, inasaidia kuibua matokeo ambayo hakuna aliyeyaweka kwenye dodoso. Udhaifu wake unajulikana: anayesimulia ni aliyebaki, na kikao chenye posho huwa na wasimulizi hodari.

Uchafu unaoziharibu zote

Mbinu yoyote utakayochagua itakula data, na data zetu zina tabia zake. Mdadisi amevaa fulana yenye nembo ya shirika lililogawa mbuzi. Anakaa kwenye mkeka, anawasha kishikwambi, anauliza: "Mama, katika siku saba zilizopita mlikula mboga za majani mara ngapi?" Mama anaitazama fulana, anamtazama mbuzi aliyefungwa kwenye mpapai, anajibu: "Kila siku, mwanangu." Mumewe pembeni anakohoa. Kwenye jedwali itaingia 7.

Daftari la mahudhurio nalo hulijui limejazwa lini. Shule ikipata fedha kwa idadi ya vichwa, vichwa vitakuwepo. Ndiyo maana Busia walihesabu watoto kwa kutokea bila taarifa. Na ukipima kusoma shuleni unawapima waliobaki shuleni. Uwezo, tathmini ya kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, iliyoanza Kenya, Tanzania na Uganda miaka ya 2009 na 2010, ilichagua kwenda nyumba kwa nyumba ili aliyeacha shule naye asome kile kihadithi cha darasa la pili mbele ya mtu wa kijiji chake. KiuFunza waliendesha mitihani miwili, wa kulipia walimu na wa utafiti, kwa kuwa mtihani wenye fedha ndani yake hauaminiki peke yake. Mambo haya hayana sifa wala hayaingii kwenye muhtasari wa ripoti, lakini nikilazimishwa kuchagua kati ya kura yenye data chafu na ulinganisho wa kawaida wenye data safi, nachukua wa pili.

Ukiwa wewe ndiye unayechagua

Shirika lenye shule nne na mwaka mmoja: usitafute mtaalamu wa kura, na usikubali mfadhili akulazimishe. Fuatilia kama mradi umefanyika ulivyopangwa, nani alihudhuria, vitabu vilifika darasani au vimefungiwa ofisini, kisha kaa na walimu na wazazi kwa muda wa kutosha. Ripoti itakayosema ukweli kuhusu utekelezaji ina thamani kuliko asilimia ya athari isiyo na msingi.

Halmashauri au shirika kubwa lenye vijiji vingi kuliko fedha: kura, kwa zamu, kabla mradi haujaanza. Vibali vya utafiti vya COSTECH (Tanzania) au NACOSTI (Kenya) vinachukua muda, na mwezi wa kwanza wa mradi ukishapita bila kura, mbinu hiyo imekufa na hakuna mtakwimu wa kuifufua. Ongeza swali la nani atauendesha ukikua, na mjaribu huyohuyo.

Sera ya nchi nzima iliyoanza siku moja: kundi la nje halipo, hivyo linganisha mwendo wa maeneo yaliyoguswa sana na yaliyoguswa kidogo, na upime nyumbani, si shuleni.

Mradi uliokwisha, wanufaika wamejiandikisha wenyewe, na hakuna takwimu za mwanzo: hapo mimi huandika barua kumwomba mteja abadilishe swali. Naweza kumweleza watu wamepitia nini na wanauonaje mradi. Siwezi kumpa athari.

Na kwa ufadhili wa masomo wenye mstari wa alama, kazi kubwa ni ya katibu muhtasi kuliko ya mtaalamu: fomu za waombaji waliokosa zitunzwe pamoja na za waliopata, zikiwa na alama zao na namba ya simu ya mzazi. Mashirika mengi huzitupa siku majina yanapobandikwa.